Kiingereza cha daftari na Kiingereza cha ngazini: kisa cha mhudumu mmoja wa Shela

Mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya Isha, akakaa dakani, pale kibarazani mlangoni. Si kawaida yake. Yeye huingia moja kwa moja mpaka ndani, afunue sufuria aone bibi yake amepika nini. Nikajua kuna jambo. Nilipomsogelea akasema, "Mjomba, leo nimeambiwa sijui Kiingereza. Na wageni wako papo hapo, wasikia." Halafu akajifunika uso kwa mtandio.

Nasimulia kisa hiki kwa idhini yake, bila kutaja jina lake wala la nyumba anayofanyia kazi. Nakisimulia kwa sababu nimefundisha Kiingereza katika shule ya msingi hapa Lamu miaka kumi na tisa, na ninawaona vijana wetu wengi wamekwama pale pale alipokwama yeye: cheti kizuri, daftari limejaa maneno, na mgeni akitamka sentensi ya maneno sita wanaduwaa.

Siku yenyewe

Binti ana miaka 21. Mtihani wa kidato cha nne alipata B ya Kiingereza, na si B ya kubahatisha. Alikuwa na wiki ya saba katika nyumba ya wageni huko Shela, kijiji cha ufukweni hapa kisiwani, kazi yake kutandika vitanda, kufagia, kubadilisha taulo na kupandisha chai hadi darini. Siku hiyo kama saa tatu asubuhi mume na mke kutoka Uingereza walishuka ngazi wakiwa na mikoba ya kuogelea. Nahodha alikuwa amekwisha fika gatini kuwapeleka kisiwa kidogo cha Manda Toto. Yule mama akamgeukia mpwa wangu akasema, upesi upesi, huku akitabasamu: "We've run out of water. Could you sort it out before we get back?"

Akajibu, "Yes, welcome."

Waliporudi jioni, ngozi imewaiva kwa jua, chupa kubwa ya maji ya kunywa chumbani ilikuwa tupu kama walivyoiacha. (Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya mji mzima, lakini matumbo ya wageni hayajayazoea, kwa hiyo kila chumba huwekewa maji yake ya kunywa.) Wakamwambia msimamizi. Msimamizi akamwita binti, akamwambia mbele yao kwamba kuanzia kesho atakaa kwenye dobi, kwa kuwa nguo hazisemi Kiingereza.

Nilimwomba anieleze alichokisikia, neno kwa neno. Alisikia "we", "run", "out", "water". Akaona mikoba ya kuogelea. Akaelewa: tunakimbilia majini. Kuhusu "sort", hilo alilijua tangu shuleni, ni kuchambua na kupanga vitu. Basi akapanda chumbani akapanga. Alikunja nguo zote zilizotupwa kitini, akapanga viatu jozi kwa jozi, akazipanga hata chupa za mafuta ya jua kwa urefu. Hakuna siku alikitengeneza chumba kile kama siku ile. Chupa tupu ya maji aliipangusa vumbi na kuirudisha mahali pake.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu aliitwa mzembe, na uzembe haukuwapo. Alitumia akili. Alichukua maneno aliyokuwa nayo, akayalinganisha na aliyoyaona kwa macho, akapata maana iliyokamilika na yenye mantiki. Ilikuwa maana nyingine tu: yule mama alikuwa amesema maji yamewaishia, yashughulikiwe kabla hawajarudi.

Daftari

Wazo langu la kwanza lilikuwa lile la kila mwalimu: maneno yake ni machache, tuyaongeze. Nikamwambia alete daftari lake. Akaleta kaunta buku yenye mstari uliopigwa katikati ya kila ukurasa, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, mwandiko mzuri wa kuonea fahari. "Altercation", ugomvi. "Plethora", wingi. "Magnanimous", mwenye moyo mkubwa. "Perspire", kutoka jasho. Kurasa na kurasa.

Yale maneno nilikuwa nayafahamu. Ndiyo tunayowapa wanafunzi wayatie kwenye insha, na ndiyo ninayoyawekea alama ya vyema kwa kalamu nyekundu kila muhula. Nilimuuliza: "Hili 'altercation', tangu uanze kazi umelisikia kwa mgeni hata mara moja?"

Akafikiri. "La, Mjomba."

"Na 'run'?"

"Hilo kila siku. Mmoja yuwasema 'running late', mwingine 'the tap is running', mwingine 'run a bath'."

"Umeliandika wapi?"

Hakuwa ameliandika popote. Kwa nini aliandike? "Run" ni kukimbia, alifundishwa darasa la pili. Hapo ndipo nilipoona tatizo halikuwa pale nilipokuwa nikilitafuta. Neno usilolijua unalishuku, unalitafuta kamusini. Neno unalodhani unalijua hutalishuku kabisa, na hilo ndilo linalokupoteza njia.

Nikamuuliza, Mzungu aliyejifunza kwamba "piga" ni kuchapa, akija Lamu atafanyaje? Atasikia mtu amepiga pasi, amepiga simu, amepiga deki, amepiga mswaki, amepiga hodi, amepiga picha, amepiga magoti, amepiga chafya. Atadhani mji huu watu wanashinda wakipigana. Binti akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwahi kulisema vizuri namna hiyo darasani: "Kwa hiyo 'run' ndiyo piga yao."

Ndiyo piga yao, na wanazo nyingi: "get", "take", "put", "turn", "make", "go", "come". Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitoa orodha ya maneno 850 akisema yanatosha kwa mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, na ndani yake vitenzi vilikuwa 18 tu. Aliwezaje? Kwa sababu ukichukua "put" ukaiunganisha na "off" umepata kuahirisha, na "out" umepata kuzima moto, na "on" umepata kuvaa, na "up with" umepata kuvumilia. Mwanafunzi anaambiwa ana vitenzi 18, kumbe kila kimoja kina watoto na wajukuu, na kila mtoto hana budi kujifunzwa peke yake. Waliompinga Ogden walilishika hilo hilo, na naona walikuwa na haki.

Tena kuna sababu ya kihistoria kwa nini shule inatupa upande mmoja na kazi inadai upande mwingine. Baada ya Wanormandi kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza mwaka 1066, lugha ya mahakama na wakubwa ilikuwa Kifaransa kwa karne kadhaa, na Kilatini kilikuwa cha kanisa na wasomi. Huko ndiko yalikotoka maneno marefu kama "extinguish", "tolerate", "postpone". Jikoni, shambani na kitandani watu waliendelea na maneno yao mafupi ya zamani. Mtihani unapenda ya wasomi. Mgeni anayeshuka ngazi na taulo begani anasema ya jikoni. Mpwa wangu alikuwa amejiandaa kuzungumza na hakimu.

Sentensi za masikioni

Tuliliweka daftari kubwa kando. Nikampa kijitabu cha mfukoni na sharti moja: asiandike neno, aandike sentensi aliyoisikia, na kama haelewi aiandike kwa herufi za Kiswahili vile sikio lilivyoipokea. Siku zake za mapumziko, na jioni nyingine akikosa kuchoka, alikuja tukaifumbua pamoja.

Ukurasa wa kwanza ninao hadi leo. "Wivranautavwota." Hiyo ndiyo sentensi ya maji. Angalia: hakuna nafasi hata moja ndani yake. Shuleni tunawasomea "we – have – run – out" kama watu wanaohesabu mawe, kumbe mdomoni maneno yamelala moja juu ya jingine. "Kudyugivasahend", yaani "Could you give us a hand?" Hii aliisikia kwa mzee aliyekuwa akivuta sanduku ngazini, alichopata ni "hand", akampa mkono wa salamu. Tulipoifumbua alishangaa, maana na sisi tunasema kumshika mtu mkono kwa maana ya kumsaidia. Picha ni ile ile. Hakuitambua kwa sababu alisikia kipande kimoja tu.

Sentensi iliyotuchukua jioni nzima ni hii: "My alarm didn't go off." Mgeni alikosa boti ya kumvusha Manda kwenda uwanja wa ndege, akaomba kesho yake agongewe mlango saa kumi na moja alfajiri. Binti alielewa kwamba saa ya simu haikuzimika, ikamsumbua usiku kucha, akampa pole. Na ana haki ya kuelewa hivyo, kwa kuwa siku mbili nyuma stima ilipokatika mgeni mwingine alisema "the lights went off", taa zimezima. Taa "ziki-go off" zinazima, saa ya kuamsha "iki-go off" inalia. Maziwa "yaki-go off" yamechacha. Mtu akisema "I'm off" anaondoka zake, na mfanyakazi akiwa na "day off" hayuko kazini. Niliona kijana amekunja uso, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kufundisha "off" hata siku moja. Nilikuwa nafundisha "on" na "off" za swichi, basi.

Sikumpa kanuni, maana kanuni ya kuaminika hapo sina. Nilimpa kila moja na mwenzake: taa na kuzima, kengele na kulia, maziwa na kuchacha. Akazikariri kama tunavyokariri piga na pasi, piga na hodi, bila kuuliza kwa nini.

Upande wa pili nao ulikuwa na kazi yake, yaani pale Kiswahili chetu kinapobeba mambo mengi kwa neno moja. Chukua "imeharibika". Kwetu feni huharibika, kitasa huharibika, samaki huharibika, safari huharibika. Yeye alikuwa akiwaambia wageni kila kitu ni "spoiled". Mfereji unaotona, "spoiled". Mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu wa kusi ukakataa kufunguka, "spoiled". Hapa ndipo msamiati wa kazini una faida ya haraka kuliko popote, kwa sababu fundi akipigiwa simu anataka kujua abebe nini. Tulizunguka nyumba ya mama yangu chumba kwa chumba, tukigusa kila kilicho na kasoro, na nyumba ya kale haikosi kasoro. Mfereji: "dripping". Bomba chini yake: "leaking". Shimo la choo: "blocked". Dirisha: "stuck". Mpini wa mlango: "loose". Chandarua: "torn". Shuka yenye alama ya hina: "stained". Kazi hiyo ilimaliza saa moja, na maneno yale hakuyasahau tena, nadhani kwa sababu kila moja lilikuwa na mahali pake ukutani. Hata mama yangu alijifunza "dripping", akawa anamsema nayo fundi bomba.

"Yes" ya heshima

Nimeliacha jambo hili mpaka hapa kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi. Kwa nini alisema "Yes" hali hakuelewa?

Nilimuuliza kwa upole. Akasema, "Mtu mzima akisema nami, Mjomba, nitamwambia sikusikia? Nitamrudisha rudisha kama mtoto mwenzangu?" Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo nilivyosaidia kumlea. Mkubwa akisema unaitika naam, halafu unakwenda kutafuta mwenyewe alichotaka. Nyumbani inafaa, kwa sababu nyumbani utafahamu tu. Ukikosa kwa shangazi utapata kwa bibi. Kwa mgeni, ile naam inageuka ahadi. Amesikia "yes", ameondoka na moyo mweupe, maji yatakuwapo.

Basi kabla ya kuongeza "run out" na ndugu zake, tulitafuta maneno ya kuuliza bila kuvunja heshima. Sikutaka "I don't understand", kwa sababu inamwacha mgeni bila pa kushika na inamwaibisha msemaji. Nilitaka aseme alichokipata, aulize kilichobaki: "Sorry, do you mean the drinking water?" Hata kama amekisia vibaya, mgeni atamsahihisha kwa maneno mepesi zaidi, na hapo hapo amepata sentensi mpya bure. Ya pili ilikuwa "Let me check and come back to you." Ya tatu, ambayo aliibuni yeye, ni kurudia agizo kabla mtu hajaondoka: "So, two towels and the fan, yes?"

Sentensi tatu. Kama ningelazimika kuchagua moja tu ya kumpa kijana anayeanza kazi Shela kesho, ningempa ile ya kwanza na kuacha kamusi nzima.

Zidaka

Kukumbuka ni kazi nyingine. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurudia mara nyingi kwa kikao kimoja. Sebastian Leitner akaja mwaka 1972 na njia rahisi ya kutumia jambo hilo: kadi ndani ya kisanduku chenye vyumba, ukiijua inasogea mbele, ukikosa inarudi mwanzo.

Kisanduku hatukuwa nacho. Lakini ndani kwa mama yangu kuna ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo wazee waliwekea vyombo vya kaure. Tulichukua vitatu vilivyopangana. Kadi zilikatwa kutoka katoni za majani ya chai. Kidaka cha chini ni cha kila siku akija, cha katikati mara moja kwa wiki, cha juu Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Upande mmoja wa kadi ni tukio kwa Kiswahili, "kengele ya simu haikulia", upande wa pili sentensi nzima ya Kiingereza. Neno pekee halikuruhusiwa kuingia kidakani.

Lililokuwa la ubishi

Dada yangu, mama yake, alitaka binti apelekwe Mombasa kwenye kozi ya miezi mitatu yenye cheti. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani, kwa sababu kozi hiyo ingemtoa pale pale anaposikia lugha anayoihitaji kila asubuhi bila malipo. Lakini alikuwa na hoja moja ya kweli: cheti humfungulia mtu mlango ambao kijitabu cha mfukoni hakiwezi. Kwa kazi nyingine huko mbele huenda akakihitaji.

Tulibishana pia, mimi na mpwa wangu, kuhusu kusema. Baada ya wiki chache alianza kutia "run out" na "sort out" kila mahali, hata anapozungumza na Mtaliano ambaye Kiingereza nacho ni cha kujifunza. Mtaliano akaduwaa kama yeye alivyoduwaa siku ile. Wageni wetu wengi hawakuzaliwa na Kiingereza. Nikamwambia: elewa kwa upana, sema kwa wembamba. "The water is finished" ni Kiingereza cha Kenya, kila mtu anakielewa, usione haya nacho. "Run out" iweke sikioni, itoke mdomoni kwa anayeitumia. Alinung'unika, akaniona namrudisha nyuma. Sasa naona huchagua mwenyewe kulingana na mtu.

Kwenye dobi alikaa wiki tano. Kilichomtoa huko ni simu ya fundi. Msimamizi hakuwapo, mgeni alilalamikia bafu, na binti akampigia fundi kumweleza kwamba sinki limeziba na bomba la chini linavuja, si kwamba "bafu limeharibika". Fundi alikuja mara moja na vifaa vyote. Msimamizi alipouliza nani alipokea malalamiko, binti akarudishwa vyumbani, na siku za asubuhi sasa hukaa mapokezi. Kuombwa radhi hakuombwa.

Ijumaa iliyopita tulipanga kadi. Kidaka cha juu kimejaa mpaka zinadondoka. Cha chini kimebaki na chache, na moja imerudi hapo mara nne: "make up". "Make up the room", tandika chumba. "Make up your mind", amua. "He made it up", amezua. Na kuna ile ya kujipamba. Aliishika kadi ile karibu na taa, akaisoma midomo ikienda bila sauti, kisha akaniuliza, "Mjomba, hii 'make' nayo ni piga?"

Nikamwambia ni piga.

Akairudisha kidaka cha chini, akavaa buibui lake. Kesho zamu yake inaanza saa kumi na mbili.